Samaki Aelekee Omo

Tangu kituo cha mabasi ya mikoani kilipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, na mwaka huohuo barabara za juu za Kijazi zikafunguliwa pale tulipozoea kuona foleni tangu alfajiri hadi usiku, sisi mafundi turubai tuliokaa kando ya Barabara ya Morogoro tumetawanyika, wengine wamegeukia kushona viti vya bajaji, wengine wamerudi makwao; na maadamu mwalimu wangu naye ametangulia mbele ya haki, nimeona ni wajibu kuandika machache juu ya kazi yetu kabla hayajaandikwa na wale walioijua kwa kupita njia tu.

Utoto wangu hauna makubwa. Nilizaliwa Ubungo mwaka 1968, mwaka ambao kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, kilianza kazi. Baba alikuwa mfumaji humo. Nilisoma hadi darasa la saba, nafasi za sekondari zikawa chache na watoto wengi, nikapelekwa kwa mshona maturubai. Hayo yatosha.

Mwalimu wangu alikuwa mzaliwa wa Kilwa Kivinje, na ujana wake wote aliutumia kushona matanga ya majahazi kwa kitambaa cha marikani, sindano mkononi na kipande cha ngozi kiganjani cha kuisukumia, mpaka injini zilipozidi na matanga yakapungua, ndipo akahamia Ubungo, kwa hoja kwamba malori yote yaendayo Zambia na Kongo hayana budi kupita hapo, na shehena ya simenti isiyofunikwa huwa jiwe kabla ya kufika Tunduma. Hakuwa mpole. Akiona mshono umepinda aliufumua bila kusema neno, akakurudishia kitambaa, nawe ukajua. Lakini ujira wa mtu hakuwahi kuulaza.

Sifa zake zilifika Msasani, kwa wenye yoti wa Klabu ya Yoti ya Dar es Salaam, iliyoasisiwa mwaka 1933, nao wakaanza kutuletea kazi ya vifuniko vya matanga. Asiyejua mambo ya yoti na aelewe kwamba tanga lake kubwa aghalabu halivuliwi likapelekwa nyumbani kama tanga la ngalawa, bali hulazwa juu ya gongo la chini liitwalo bumu, likakaa hapo juma baada ya juma. Na jua la Dar es Salaam, kwa jinsi lilivyo, huidhoofisha Dakroni, kitambaa cha matanga hayo, mpaka siku moja ikapasuka kwa upepo usiostahili hata kutajwa. Kwa hiyo hufunikwa kwa kitambaa kizito cha akriliki, na mwenye chombo hutaka nembo yake ionekane juu ya kifuniko hicho. Katika nembo ndiko kulikozaliwa jadala ambayo mpaka leo haijaniisha moyoni.

Njia ya mwalimu ilikuwa hii. Aliichora nembo kwa ukubwa wake kamili juu ya karatasi, akaitoboa mistari kwa sindano, akapangusa unga wa chaki juu yake ili alama ishuke kitambaani. Kisha kitambaa cha rangi ya nembo alikiweka chini ya kitambaa cha kifuniko, wala si juu yake kama tushonavyo viraka, akavishika pamoja kwa mshono wa zigizaga kwa kufuata mstari. Na baada ya kushona ndipo alipotwaa mkasi mdogo akakata kitambaa cha juu, ndani ya mstari, nembo ikatokeza kutoka chini. Fadhila ya njia hiyo ni kwamba ncha ya kiraka hukaa ndani, upepo ukakosa mahali pa kushika. Uzi wake ulikuwa wa polista, kwa sababu pamba huozeshwa na mvua na nailoni hudhoofishwa upesi na jua. Haya yote aliyafanya pande mbili za kifuniko zikiwa bado hazijaunganishwa, zimelala mezani; na nembo aliipanga sambamba na bumu, si sambamba na mgongo wa kifuniko, kwa kuwa mgongo hupanda kuelekea mlingotini, na nembo iliyoufuata huonekana inaanguka.

Basi akaja tajiri mmoja mwenye yoti mbili, akitaka picha ya sulisuli pamoja na jina la chombo. Kifuniko kimoja alimpa mwalimu, cha pili akampa fundi wa mtaa wa jirani, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa wanawe ni majirani zangu. Fundi huyo alikata kigezo kimoja cha bati, akapaka rangi pande zote mbili, akamaliza kwa siku moja, na sisi tukiwa bado twakata mapezi. Rangi haikudumu: kitambaa kile kimetiwa dawa ya kukataa maji, hukataa na rangi pia, na kwa kuwa kifuniko hukunjwa kila tanga litwekwapo, sulisuli yule aliingia nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Juu ya hilo hatukubishana, kwani macho yaliamua.

Tulibishana juu ya mwelekeo wa samaki. Kigezo cha yule fundi kilikuwa na samaki atazamaye kushoto. Basi ubavu wa kushoto wa chombo samaki alielekea omo, na ubavu wa kulia akaelekea tezi. Mwalimu aliwashona wawili, kila mmoja kinyume cha mwenziwe, wote wakaenda mbele pamoja na chombo.

“Samaki arudiye nyuma ilhali chombo chaenda mbele, mwanangu,” aliniambia, “ni kazi ya mtu aliyeitazama karatasi asiitazame bahari.”

Yule fundi naye hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alisema nembo ni mhuri, na mhuri uliogeuzwa si mhuri tena. Tena akauliza, kama samaki ageuzwa, kwa nini jina lisigeuzwe? Kwa insafu, hoja hiyo ina uzito, na wapo wasomi wa siku hizi waiungao mkono. Lakini maandishi ni ya kusomwa na watu walioko nje, na mnyama husafiri na chombo. Vitu viwili vyenye kazi mbili havihukumiwi kwa sheria moja. Tazama bendera zichorwazo ubavuni mwa ndege: aghalabu upande wa mlingoti wake huwekwa mbele, kana kwamba yapepea katika mwendo, kwa hiyo ubavu wa kulia huonekana imegeuka, wala hapana asemaye kwamba nchi imebadilishwa bendera.

Nanyi vijana wenye kompyuta na mashine za kuchapa stika, mnaocheka tukitaja chaki na sindano, jueni kwamba stika haishiki juu ya kitambaa kikataacho maji, na pasi ya moto mnayoitumia kubandikia huikunja akriliki isirudi tena. Mashine zenu humgeuza samaki kwa kubonyeza mara moja, kazi iliyotugharimu sisi kuchora upya. Basi mnapoacha kumgeuza, udhuru wenu ni upi? Nimeona pale Msasani kifuniko kipya chenye ndege arukaye kinyumenyume, na mwenye chombo amekilipia vizuri.

Hukumu yangu ni hiyo: jina lisomeke pande zote mbili, na samaki aelekee omo pande zote mbili. Atakaye kubishana nami na anifuate Ubungo Kibangu. Cherehani ya mwalimu ningali ninayo, na ingali yashona.