Shuka Mchinga

Abiria wengi wa mabasi ya kusini wanaijua Mchinga kwa kuichungulia dirishani tu. Wameondoka Dar es Salaam alfajiri, wamevuka Daraja la Mkapa, wamepita Nangurukuru bila kugeuza shingo upande wa Kilwa, na sasa Lindi mjini imebaki kama kilomita 30 hivi. Nani ashuke hapo? Kushoto bahari inaonekana kidogo kati ya minazi, kisha inapotea. Mimi nasema shuka.

Tangu 2019, Lindi Vijijini ilipogawanywa, Mchinga imo ndani ya Manispaa ya Lindi. Usitishwe na cheo hicho. Huku bado ni shamba na pwani: mikorosho, mibuyu, ufuta, na ghuba ambayo ukiifikia maji ya bamvua yakiwa yamekupwa utaikuta nusu yake ni nchi kavu. Maji yakipwa, kina mama wanaingia na ndoo na vyuma vya kuchokolea pweza. Wengine wanatanda uduvi kwa nguo, huyu ameshika ncha hii, yule ile. Pwani hii wapo pia wakulima wa mwani, wanaofunga mbegu kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vigingi. Ni kazi ya kuinama saa nyingi kwa bei isiyolingana na mgongo wa mtu. Ukipita, salimia, wala usiwe na haraka na kamera.

Bahari hiyo ilikaribia kuuawa. Kwa miaka mingi wapiga baruti walitamba kusini kote. Mlipuko mmoja unaua wakubwa na vifaranga pamoja, wengi wao wanazama wasiokotwe, na tumbawe, ambalo ndilo nyumba ya samaki, linabaki kifusi. Wavuvi wa Mtwara, Lindi na Kilwa walichoka kupeleka taarifa na kumwona yuleyule aliyeshtakiwa akirudi baharini. Katikati ya miaka ya 1990 wakaungana katika chombo walichokiita Shirikisho, wakisaidiwa na RIPS, mradi uliofadhiliwa na Finland. Kikundi cha Maneno Mengi nacho kilipeleka kamera za video kwenye vijiji vya wavuvi, watu wakasema yao mbele ya kamera, na kanda zikapelekwa kuonyeshwa kwa wenye madaraka. Napenda sana ujanja ule. Barua ya mvuvi huweza kulala kwenye faili hata mwaka, lakini kumtazama mvuvi mwenyewe akikulaumu, huku wenzako wameketi kando yako, ni jambo jingine.

Baruti haikuisha mara moja. Ilichukua miaka mingine mingi na mkono mzito wa serikali. Siku hizi ulinzi wa karibu uko kwa BMU, vikundi vya wavuvi wenyewe vinavyosaidiana na maofisa wa uvuvi kukagua nyavu na kufanya doria. Ukifika pwani yoyote ya huku, watafute hao kwanza. Watakwambia maji yatakupwa saa ngapi, dau lipi linakwenda wapi, na, ukiwapa nafasi, doria inavyofanywa wakati mafuta ya boti hayapo.

Barani kuna Rutamba, penye ziwa na msitu wa hifadhi wa Litipo, kipande cha misitu ya pwani ambayo zamani ilitapakaa ukanda huu. Rutamba ina ukarimu wa kihistoria: kuanzia katikati ya miaka ya 1960 ilipokea maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokimbia vita vya ukombozi. Mbele zaidi, upande wa Milola, vijiji vina misitu yao vinayoisimamia vyenyewe. Kati ya 2009 na 2014 shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na MJUMITA, mtandao wa vijiji vyenye misitu, walifanya huko majaribio ya MKUHUMI, yaani wanakijiji kulipwa kwa kutoukata msitu. Mgawo uliamuliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na kila aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo anajua kwamba mahindi huweza kukauka shambani kabla ya muafaka.

Tendaguru nayo iko huku, ndani kabisa, upande wa Mipingo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria, kazi ikisimamiwa na Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote waliotoka huko, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama Berlin. Kilimani kwenyewe hakuna cha kutazama isipokuwa pori, kwa hiyo sikushauri uende huko kabla ya kwenda mnadani.

Naam, mnadani, hasa wa ufuta, masika yakishapita. Mkulima amepeleka gunia kwenye chama chake cha msingi, limepimwa, limeingia ghala la Lindi Mwambao, chama kikuu kinachounganisha pia Kilwa na Mtama. Zamani zabuni zilikuja ndani ya bahasha. Sasa zinapitia mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Bei zinasomwa mbele ya wakulima, nao wana haki ya kukataa. Hapo utawasikia wazee waliokuwa kimya asubuhi nzima wakihoji makato shilingi kwa shilingi, vijana wakilinganisha na bei ya Ruangwa, na mtu mmoja lazima akumbushe enzi za chomachoma, ambapo mlanguzi alikuja na kipimo chake na bei yake. Kwangu hakuna kivutio cha utalii Lindi kinachoshinda saa hiyo. Wakikubali, watu wanatawanyika kwenda kutafuta wali na samaki. Wakikataa, mnada unaahirishwa, na wewe tafuta pa kulala.