Kishikwambi Kimevimba, Jamaa Anataka Kununua Kipya, Dada wa Bangwe Kagoma

Majina yapo kapuni, ingawa mtu wa Bangwe akisoma nusu tu atajua ni akina nani. Dada ana miaka 24 na kazi yake ni kutengeneza kadi za harusi, sendofu na kicheni pati, zile zinazokuja WhatsApp na jina lako limezungushiwa maua. Jamaa yake anasafirisha dagaa na migebuka kwenda Dar. Hela anayo, wala hana mkono wa birika. Watu walijua wawili hawa wakigombana itakuwa mchepuko tu. Wapi! Kilichowagombanisha ni betri.

Kishikwambi chenyewe (tableti, kwa wale ambao neno hili walianza kulisikia kwenye Sensa ya 2022) dada alikinunua mtumba kwa hela ya kadi zake za mwanzo, alizokuwa akizitengeneza kwenye simu yenye kioo cha nyufa. Waranti ilishaisha kabla hata hajakigusa. Kikamtumikia vizuri mpaka mwaka huu kilipoanza vituko. Kinaonyesha asilimia 40, ghafla giza. Ukikichomeka kinafufuka kinakwambia asilimia 38. Halafu kona ya kioo ikaanza kuinuka, usiku mwanga ukawa unapenya pembeni kama mlango usiofungika vizuri.

Akafanya wanachofanya wengi: akakibinya kirudi, akakivisha mipira ya kufungia noti. Sikia hapa, maana hili ndilo linaloweza kuunguza nyumba. Betri hizi za lithiamu zikichoka, kemikali za ndani huanza kutoa gesi, na kwa kuwa zimefungwa kwenye mfuko laini usio na pa kutokea hewa, mfuko unavimba kama andazi kwenye mafuta. Ukibinya, unaweza kukutanisha vitu ambavyo ndani humo havitakiwi kukutana. Vikikutana ni moto, na moshi wake una sumu. Kikivimba hukichaji tena, hukilalii, hukifungi na mipira. Joto na kukaa kwenye chaji muda wote huichosha betri haraka, na dada alikuwa anafanya kazi chini ya bati, kimechomekwa toka asubuhi mpaka usiku. Kilikuwa kinamlisha, angekipumzisha saa ngapi?

Jamaa alipoona ile kona hakutaka maelezo. "Tupa hiyo takataka mama, kesho kutwa naenda Dar, nakuletea kipya." Mashosti wa dada walipiga vigelegele. Kuna wasichana wanafunga kwa maombi wapate ofa kama hiyo, huyu kaletewa mlangoni. Kisha jamaa akaongeza sentensi moja, kwa nia nzuri kabisa huenda: "Nitakifungua hukohuko kwa imeili yangu, kikifika wewe unatumia tu."

Dada akanyamaza.

Wanaojua hivi vifaa wameshaelewa. Kikifunguliwa kwa akaunti ya mtu, mwenye akaunti ndiye mwenye kifaa. Anaweza kukiona kilipo, anaweza kukifunga akiwa Kariakoo na wewe uko Bangwe, anaweza kukifuta chote, na hata ukikipeleka kwa fundi akakianzisha upya kitaomba imeili ileile na nywila yake. Na mtaani nani asiyejua hadithi za simu za kuhongwa? Rafiki yake wa karibu aliachwa siku ya Ijumaa, simu ikadaiwa Ijumaa hiyohiyo, akabaki amekaa kwenye ngazi ameshika laini mkononi kama kidonge. Yeye alipoteza picha na namba tu. Huyu dada angepoteza kadi za watu ambao harusi zao ni Jumamosi, na advansi ameshakula.

Kwa hiyo akasema hapana, asante, nitabadilisha betri. Jamaa akacheka mpaka akakaa chini. Laki moja unaitia kwenye maiti!

Fundi wa kwanza, wa Mwanga, alikigeuza mara mbili akamrudishia. "Hii haifunguki dada." Hakuwa mwongo sana. Simu za zamani ulikuwa unabandua mgongo kwa ukucha, unatoa betri, unaipuliza, unarudisha. Vishikwambi vingi vimeundwa vingine kabisa: kioo kimegandishwa kwa gundi pande zote, chini ya kioo kuna nyaya nyembamba kama utepe, kuna skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, na ukishapita huko kote betri nayo imegandishwa mgongoni kwa gundi. Waliotengeneza wanasema ni kwa ajili ya wembamba. Sawa, lakini ukishazuia mtu kufungua umemuuzia na kipya. Hata Ulaya wamechoka: Umoja wa Ulaya umepitisha sheria kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya namna hii ziwe zinatolewa na mtumiaji mwenyewe. Bangwe haimo kwenye Umoja wa Ulaya.

Tena Kigoma ndiyo mahali pabaya pa kumwambia mtu kitu hakifunguki. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja kuunganishwa upya hapahapa mwisho wa reli na kushushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, ila mafundi wakapaka injini grisi kwanza, kwa imani kwamba kuna siku itahitajika. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Meli nzima hiyo, na leo kishikwambi cha inchi kumi eti muhuri.

Fundi wa pili alipatikana Ujiji, kijana mwenye meza moja na taa ya kubana. Huyu hakujisifu, aliuliza maswali. Kimevimba toka lini? Umekichaji jana? Vitu vyako umevihamisha? "Dada'angu, mimi naweza kufungua, lakini kioo kinaweza kupasuka mkononi mwangu. Toa kila kitu kwanza, halafu kitumie mpaka kibaki chini ya asilimia 25. Betri yenye chaji kidogo hata ikikasirika haikasiriki sana." Akanakili namba ndogo za mgongoni, kwa sababu betri haiagizwi kwa jina la kifaa, inaagizwa kwa namba ya toleo. Elfu 70 betri, elfu 30 ufundi. Na betri ikaja kwa basi, zaidi ya kilomita 1,200. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zikiwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, kwa hofu ya moto uleule.

Siku ya kazi jamaa naye alifika. Hakualikwa. Akakaa kwenye benchi na soda yake kama mtu aliyekuja kuangalia mpira akijua timu gani itafungwa.

Fundi alianza na draya ya saluni, dada mwenyewe ndiye aliyeiazima. Akapasha ukingo wa kioo taratibu, akizungusha asiunguze sehemu moja, kisha akaingiza kadi ya benki iliyoisha muda pale palipoinuka na kuisukuma kidogokidogo. Unasikia gundi inaachia, tss, tss. Kona ya tatu umeme ukakatika.

Kwa watu wa Kigoma hilo si habari, mkoa huu ulikaa miaka na miaka ukiendeshwa na majenereta ya dizeli, subira ya umeme wanayo. Lakini gundi haina subira, ikipoa inashika tena. Fundi akachomeka kadi nyingine mbili pembeni zizuie, wote watatu wakakaa kusubiri, kifaa kiko wazi nusu kama mgonjwa aliyeachwa na daktari.

Hapo ndipo jamaa akauliza, sauti ya chini. "Kwani zawadi yangu ina nini?"

"Zawadi haina shida. Shida imeili."

"Imeili si kitu, ningekupa nywila."

"Ungenipa. Na siku tukigombana ungeibadilisha."

Jamaa akamwangalia fundi, labda apate mwanaume wa kumtetea. Fundi alikuwa ameinamia skrubu zake anazipanga kwenye karatasi kwa mpangilio zitakavyorudi. Akasema tu, bila kuinua kichwa, "Shem, mimi naletewa vya hivyo kila wiki, vimefungwa na mtu ambaye hapokei simu. Siwezi kuvifungua." Kimya. Soda ikaisha.

Umeme uliporudi kazi ikaenda. Kioo kikafunguka kama kitabu, kikashikiliwa wima nyaya zisikatike. Kitu cha kwanza fundi alichochomoa kilikuwa waya wa betri, kabla ya kugusa kingine chochote. Ile betri ilikuwa imevimba katikati, inang'aa. Jamaa akasogea, "Si uinyanyue na bisibisi hiyo?" Fundi akaiweka bisibisi mbali kabisa. "Shemeji, ukiitoboa hii tutakimbia wote, na meza yangu itabaki." Akadondosha spiriti kidogo kwenye kingo, akangoja ilegeze gundi, kisha akapitisha mshipi wa kuvulia samaki chini ya betri, akauvuta kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayekata sabuni ya mche kwa uzi. Dakika kumi na tano hivi, hakuna aliyeongea. Ikatoka nzima, akaizika kwenye ndoo ya mchanga nje ya kibanda. Haitupwi jalalani, haichomwi na taka, na ziwani ndiyo kabisa.

Betri mpya hakuigandisha papo hapo. Aliilinganisha na ya zamani upana na uzito kwanza, kwa sababu mjini kuna betri za bandia zenye namba kubwa juu na wepesi wa kadibodi ndani, kisha akachomeka na kuwasha kioo kikiwa bado wazi. Asilimia 51. Tachi inaitika kila mahali isipokuwa kona moja iliyokuwa nzito kidogo, na pembeni kumebaki doa la njano pale betri ilipokuwa ikisukuma kioo. Fundi alimwonyesha dada vyote viwili kabla ya kupaka gundi, akamuuliza afunge au la. Funga.

Jamaa akatoa pochi. Dada akamwambia ya ufundi ameshalipa, kama anataka anunue chipsi na mgebuka. Akanunua, za watatu.

Kadi za Jumamosi zilitoka. Kifaa sasa kinakaa saa saba bila waya, na dada amejifunza kukichomoa kikijaa. Wambea wa Bangwe wanasema wawili hao wamepoa, wengine wanasema ndiyo kwanza wameanza kuheshimiana, kila mtu ana toleo lake. Kinachojulikana ni kwamba Jumanne iliyofuata jamaa alirudi Ujiji peke yake na simu inayozima ikifika asilimia 30. Fundi aliipokea, akaigeuza, akamuuliza imefunguliwa kwa imeili ya nani.