Kutoka Kamukuzi hadi Nakivale: Pembe ya Ng'ombe na Ncha za Upinde

Kilima cha Kamukuzi, mjini Mbarara, kilikuwa makao ya Mugabe wa Ankole. Gasyonga wa Pili alikuwa wa mwisho kutawala hapo, hadi falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967. Zama za kale vikosi vya ufalme huo, vilivyoitwa emitwe, vilishika mikuki na pinde. Askari apitaye Kamukuzi leo na akumbuke kuwa kazi yake ilikuwako hapa kabla ya bunduki kufika.

Msafiri atokaye Mbarara kuelekea kusini-mashariki huingia wilaya ya Isingiro. Njiani huona migomba vilimani, na makundi ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu na nene zisizo na kifani. Mbele yake lipo ziwa la Nakivale na makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baadaye walifuata Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili husikika sana humo.

Wanyarwanda wana mchezo wa jadi wa kulenga shabaha kwa upinde, uitwao kumasha. Kuwinda bila kibali ni kosa katika sheria za Uganda, lakini mchezo wa shabaha hauna hatia. Hatari yake imo katika upinde wenyewe, hasa kijana atakapo kuufunga upinde wa mti kwa uzi wa kisasa.

Upote wa kale, yaani uzi wa upinde, ulisokotwa kwa kano za wanyama au ngozi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, wangali wakitumia kano. Upote wa namna hiyo ni mnene, nao hukaa juu ya mti bila kuukata. Nyuzi mpya za plastiki ni nyembamba na zina nguvu nyingi. Poliesta huvutika kidogo, lakini zile ngumu zaidi hazivutiki karibu kabisa. Mshale uondokapo, uzi hukaza ghafula na kishindo chote huishia katika ncha mbili za upinde. Uzi mwembamba hukata mti kama kisu, kisha ufa hufuata nyuzinyuzi za mti kuelekea chini. Upinde ukipasuka ungali umevutwa, vipande vyake huweza kumrukia mvutaji usoni.

Dawa ya hatari hiyo iko karibu, juu ya vichwa vya ng'ombe wale wale. Waingereza wa kale walivika ncha za pinde zao pembe ya ng'ombe. Meli yao ya vita, Mary Rose, ilizama mwaka 1545 ikainuliwa mwaka 1982. Pinde nyingi zilipatikana ndani yake, na ncha zake zilikuwa na alama za mahali pembe zilipokaa.

Namna ya kufanya ni hii. Kata kipande cha pembe chenye urefu wa sentimita 4 au 5 na unene wa milimita 5. Sehemu ya karibu na ncha ya pembe ndiyo ngumu, kwa kuwa haina uwazi ndani. Sawazisha kwa tupa mgongo wa ncha ya upinde, yaani upande uelekeao shabaha, hata pembe ilale bila mwanya. Pangusa mafuta yote kwa spiriti. Paka gundi ya epoksi, funga kwa utepe wa mpira wa baiskeli, na usiguse kwa saa 24. Kisha chonga kwa tupa ya mviringo mfereji wa kushikia uzi. Mfereji huo ukatwe katika pembe, usiingie ndani ya mti. Lainisha kingo zote kwa msasa. Mwisho, ongeza nyuzi katika vitanzi vya upote ili viwe vinene kuliko sehemu ya kati.

Lakini pembe huilinda ncha tu. Haiuponyi mti uliokwisha kulika, kukauka mno au kupasuka katikati. Upinde wa babu uliokaa darini miaka mingi usivutwe hata kidogo. Utundikwe ukutani, na kijana achongewe mwingine. Watoto wafundishwe kutoachia uzi pasipo mshale, kwa sababu nguvu yote iliyopaswa kuondoka na mshale huurudia mti. Kabla ya kila mchezo, mzazi apitishe kidole taratibu katika ncha zote mbili. Akigusa ufa, mchezo usianze: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa upinde, ukuta wenyewe waweza kuwa jicho la mtoto, nalo halijengeki tena.