Kabla ya Julai Mosi

Jumapili, 2 Juni
Mjomba kapiga simu saa moja asubuhi, hata chai sijanywa. "Kimetoka." Neno moja tu, nikajua. Kibali! Swala pala dume mmoja, kongoni mmoja. Jina langu juu, kwa herufi kubwa.

Nimezunguka uani nisijue nakwenda wapi. Mama akauliza kuna nini, nikamwambia. Akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele wake. Baada ya muda: "Bunduki ya baba yako ni nzito."

Najua, mama. Nimeibeba.

Jumanne, 4 Juni
Machinjioni tangu saa kumi alfajiri. Mapafu, maini, mioyo, tezi, mapafu tena. Kazi ile ile, ila leo nimeshika moyo wa ng'ombe dume mmoja nikautazama kwa jicho jingine. Mimi huonana na moyo ukiwa umeshatolewa. Unakaa wapi hasa, mnyama akiwa mzima, amesimama, anapumua, ngozi imefunika kila kitu?

Nikamwomba mchinjaji anipe dakika moja kabla hajaanza kuchuna. Nikapapasa. Chini! Chini kuliko nilivyozoea kuuwazia, kati ya miguu ya mbele, umejificha nyuma ya kiwiko. Mapafu juu yake, mapana, yanaelekea nyuma. Mjomba anasema kwa swala ni hivyo hivyo: fuata mguu wa mbele kwa macho, panda theluthi moja ya kifua, ishia hapo. Usipande zaidi.

Msumbufu ni kongoni. Mabega yake yamenyanyuka, mgongo unateremka kuelekea mkiani. Jicho linavutwa juu na yale mabega, na risasi inalifuata jicho. Juu kule hakuna mapafu, kuna nyama na mifupa ya mgongo. Nyumbu naye ana hila ya aina hiyo, manyoya ya shingo yanamfanya aonekane mnene kwa juu. Lakini nyumbu hayumo kwenye kibali changu. Kongoni yumo.

Nimechora kongoni nyuma ya fomu ya ukaguzi. Moyo kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa, 7 Juni
Mwenzangu kazini ananiambia, si ununue tu? Mabucha ya nyamapori yameruhusiwa tangu kanuni za 2020, unakwenda na mfuko wako, unarudi na kilo mbili, hujachomwa na mwiba.

Kweli. Na hana nia mbaya.

Ila nimekula nyama tangu nilipoota meno, na kuikagua ndiyo ugali wangu, na siku zote wameniulia wengine. Mimi nafika na kisu changu na muhuri wangu mambo yameshakwisha. Nataka nisimame pale mwanzoni. Kama siwezi, nijue kwamba siwezi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanitazama, akasema haya, niletee mguu.

Jumapili, 9 Juni
Uwanja wa shabaha. Vumbi, jua, bega linauma mpaka sasa, na nimefurahi jamani!

Bunduki ya baba ni .30-06. Risasi za aina hiyo zilianza kutumika 1906 na mpaka leo zipo madukani, wala mjomba haoni sababu ya mtu kuhangaika na nyingine kwa swala na kongoni. Nyati ni habari nyingine, huko wanataka .375, na mimi nyati simtaki. Kitako kimelainika pale baba alipokuwa anaweka shavu. Shavu langu limeingia mahali pale pale. Sikutegemea hilo. Ilibidi nishushe mtutu kidogo nipumue.

Mita 100, kwanza juu ya mfuko wa mchanga. Matundu yamekaa karibu karibu, kiganja kingeyafunika. Mjomba hakusema kitu. Akaondoa mfuko, akasimamisha fimbo tatu zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli: egemea hapa, porini hakuna meza. Matundu yakatawanyika. Kisha akanikimbiza mpaka kwenye mwembe na kurudi, nikapiga huku nahema. Yakatawanyika zaidi.

"Hiyo ndiyo bunduki yako," akasema. "Ile ya kwenye mchanga ilikuwa ya mchanga."

Amenipa kikomo: mita 150, mnyama amesimama ubavu. Zaidi ya hapo siyo mnyama wangu.

Jumatano, 12 Juni
Usiku. Nafyatua tupu chumbani. Natoa kila kitu, natazama chemba, naingiza kidole kuhakikisha, halafu nalenga kifungo cha shati nilichobandika ukutani. Vuta pumzi, toa nusu, bana taratibu. Kidole kisishtuke. Fimbo zinateleza kwenye sakafu, nimeweka kipande cha mkeka.

Sina hofu ya kukosa. Ukikosa, mnyama anakwenda zake na wewe unarudi nyumbani. Hofu yangu ni ya katikati: risasi ya tumbo, risasi ya mguu. Ng'ombe aliyehangaika sana kabla ya kuchinjwa tunamjua tukiona nyama yake tu. Nyeusi, kavu, inanata kidoleni, na haikai. Sukari ya misuli imeishia njiani, asidi haikujengeka, bakteria wamekaribishwa. Nimeandika ripoti nyingi za nyama ya namna hiyo, kwa lugha ya ofisini, "msongo kabla ya kuchinjwa." Msongo. Kongoni mwenye risasi ya tumbo anayekimbia kutwa nzima nitamwandikia nini?

Sijalala. Saa saba sasa. Saa kumi niko kazini.

Jumatatu, 17 Juni
Idd. Kondoa, kwa mjomba. Ukoo wote, watoto na nguo mpya, pilau tangu asubuhi.

Mjomba kachinja mwenyewe. Kisu kimenolewa tangu jana na mbuzi hakukiona mpaka mwisho, alimgeuza kwa upole, akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Sekunde chache. Miaka yote naona kazi hii, lakini leo nimetazama mikono yake tu. Haina haraka, na wala haichelewi.

Baada ya chakula mama akalitoa lililokuwa linamkereketa. Mbele ya ustadhi, tena. Hiyo nyama ya bunduki tutaila vipi? Ustadhi akajibu bila kusita: ataje jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua. Akimkuta mnyama bado ana uhai, amchinje. Akimkuta ameshakufa kwa risasi iliyopenya, ni halali. Mama akanigeukia: "Umesikia? Kabla. Siyo baada."

Nimesikia. Kwa hiyo Bismillahi imeingia kwenye mpangilio: toa nusu ya pumzi, Bismillahi, bana. Nimejaribu usiku huu na fimbo ya ufagio. Inakaa vizuri. Inanituliza kuliko kitu chochote nilichofundishwa.

Jumanne, 18 Juni
Nimewaacha wamelala, nikapanda basi la Babati, nikashuka Kolo. Miaka yote napita pale sijawahi kupanda mlimani. Kijana wa Mambo ya Kale akaniongoza. Kupanda kuna jasho.

Halafu ukuta. Wekundu wake! Watu warefu, wembamba, vichwa vikubwa. Twiga. Na pofu, yule pale, kifua kizito, nundu, ngozi inayoning'inia kooni. Aliyemchora alimjua. Hapakuwa na kitu cha kubahatisha kwenye ule mstari wa tumbo. Watu wale waliishi kwa kuwinda na kuchuma, hawakuwa na ng'ombe wala shamba, na michoro yao imekuwa urithi wa dunia tangu 2006. Kijana alieleza mengi, ya Mary Leakey aliyekuja kuinakili 1951, ya mvua na moshi unaoifuta. Nilikuwa nasikia nusu nusu. Nilikuwa namtazama pofu.

Aliyechora alimtazama mnyama muda mrefu kuliko nitakavyomtazama mimi kwa darubini. Nataka kutazama hivyo. Julai, kabla ya kuinua bunduki, nikae tu nitazame.

Jumamosi, 22 Juni
Mavazi. Jinzi zangu zote zimekataliwa. Buluu na nyeusi ndizo zinazowaita mbung'o, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kaki basi. Mtumbani nimepata suruali mbili na shati la mikono mirefu, kifungo kimoja hakipo. Viatu vile vile vya machinjioni vya akiba, vimeshazoea mguu.

Chumvi nyingi, ya ngozi na ya nyama. Turubai. Kamba ya kuning'inizia. Visu vyangu mwenyewe, hapo siazimi cha mtu. Nimemwambia mjomba: mnyama akianguka, matumbo yatoke mapema, ngozi itoke, nyama ikae kivulini ipigwe na upepo kabla ya kufungwa popote. Na ini, mapafu na tezi nazitazama mimi kwanza. Damu ikitoka puani nyeusi, isiyoganda, hakuna anayegusa kisu, hiyo inaweza kuwa kimeta. Hakubisha. Akasema, hapo wewe ndiye bwana nyama.

Bwana nyama! Watu wa Kondoa wanamwita yeye hivyo mpaka leo, na alishastaafu. Nimetembea na neno hilo kutwa.

Mama ameshona kifuko cha kanga, amekijaza majivu laini. Ukikitikisa vumbi linakuonyesha upepo unakokwenda. Hajasema lolote, kakiweka tu juu ya begi.

Jumanne, 25 Juni
Mjomba ananitumia picha kwenye simu. Dume au jike? Dume au jike? Pala ni rahisi, jike hana pembe. Kongoni wote wana pembe! Jike na dume. Unatazama unene wa pembe pale zinapotoka kichwani, unatazama shingo, unatazama chini ya tumbo kama majani yamekuruhusu. Choroa ndivyo walivyo, pofu pia. Leo nimekosea mbili, zote majike vijana.

Nimesoma tena sheria ya wanyamapori ya 2009, sehemu ya uwindaji. Usiku, hapana. Kutoka garini, hapana, ni kushuka na kutembea, mita 200 mbali na gari. Jike mwenye mimba au mwenye mtoto, hapana. Twiga hata usimuote. Na nyama ikiwa barabarani bila karatasi yake ni nyara za Serikali, kesi yake siyo ya kuchezea. Vibali nimevitoa nakala, seti moja anakaa nayo mama.

Kitu kimoja nakipenda kwenye masharti haya. Kila katazo linampa mnyama nafasi. Kutembea kunampa nafasi ya kukusikia. Mchana unampa nafasi ya kukuona.

Ijumaa, 28 Juni
Mjomba kashuka Dodoma na basi la jioni. Shikamoo, marahaba, chai, halafu tukakaa nje. Gizani, mpaka uchovu ulipomwisha.

Nikamuuliza lile swali. Nikimjeruhi?

Hakukimbilia kunifariji. Akasema: "Ukishafyatua usiondoke ulipo. Ingiza risasi nyingine, tazama alivyoruka, tazama mti alioupita. Halafu kaa. Ukimkimbilia, naye atakimbia. Ukikaa, atalala." Kisha damu. Nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi, iliyochanganyika na majani ya kijani, ni tumbo, na hapo mnakaa muda mrefu kabla ya hatua ya kwanza. Na mwenye jeraha hafuatwi na mwenye papara.

"Na tusipomwona mpaka jua linazama?"

"Tunalala pale pale. Asubuhi tunaendelea. Hakuna pala wala chakula cha nyumbani mpaka tumempata."

Nikamwambia, mjomba, nisipokuwa na uhakika sifyatui. Hata wakitokea mara moja tu. Hata wewe ukiniambia piga.

Kimya kidogo. "Mimi sitakwambia piga," akasema. "Nitakwambia yuko wapi."

Nimelala kama mtoto... ndiyo, nimelala usingizi na kuamka na jua. Naandika hii Jumamosi asubuhi.

Jumapili, 30 Juni
Gari limejazwa mafuta, maji yamepakiwa, tairi mbili za akiba. Kongwa, Kibaya, halafu njia ya vumbi. Askari wa wanyamapori anatungoja Kibaya saa nne, hakuna kuanza bila yeye. Mjomba amelala tangu saa mbili. Mama kachemsha mihogo, kaifunga kwenye taulo, kasema kongoni asiletwe akiwa mwembamba.

Bunduki nimeipangusa na kuitazama chemba kwa tochi. Tupu. Risasi kwenye mkoba wake, mbali na bunduki. Leseni, vibali, kitambulisho.

Moyo unakwenda mbio lakini mikono imetulia, nimeinyoosha mbele ya taa nikaona.

Tunaondoka saa tisa usiku. Mita 150, ubavu, dume, hakuna mwingine nyuma yake. Kikikosekana kimoja katika hivyo, narudi na kibali chenye nafasi tupu na pesa zimekwenda. Nimeshakubali.