Kwa Mpwa Aliye Kanyaruchinya, Kuhusu Gari Lisilopiga Starta

Mpwa wangu mpendwa,

Habari ya gari imefika: Land Cruiser ya dizeli, injini yake ya 1HZ imeshushwa, ikabadilishwa pistoni, beringi za krenki na gasketi ya silinda hedi, ikapandishwa tena. Sasa ufunguo ukizungushwa inasikika "tak" moja, kisha kimya. Taa za mbele zinawaka vizuri. Vijana wa gereji wanataka kulisukuma kwenye mteremko liwake kwa gia. Mjomba wako anaomba jambo moja kabla ya yote: gari hilo lisisukumwe.

Ni kweli barabara ya kutoka Kanyaruchinya kuingia Goma inashuka, na dereva mwenye betri chovu huliacha gari literemke lenyewe, kisha akaachia klachi kwenye gia ya pili. Betri ikiwa ndiyo tatizo, dawa hiyo inafaa. Kwa injini iliyotoka kufunguliwa ni hatari kubwa. 1HZ ina lita 4.2 kwa silinda sita, karibu sentimita za ujazo 694 kila moja, na inabana hewa zaidi ya mara 22. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 32, yaani vijiko viwili vya chakula. Silinda hedi inaponyanyuliwa, maji ya rejeta huweza kumwagikia kwenye silinda, na nozeli mbovu nayo hudondosha dizeli humo usiku kucha. Maji hayabanwi kama hewa. Starta ikiyakuta husimama tu. Gari la tani mbili linaloteremka halisimami, na kinachopinda ni konrodi ya injini iliyolipiwa wiki iliyopita.

Kwa hiyo injini ianze kuzungushwa kwa mkono. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, mawe ya lava yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu (huko hayakosekani), na waya hasi wa betri utolewe. Hita plagi zote sita zifunguliwe. Fundi ashike spana ndefu kwenye bolti ya puli ya krenki, azungushe taratibu kwa mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili, kwa sababu mmoja hautoshi kupitisha silinda zote katika hatua zake nne. Uso ukae mbali na matundu ya hita plagi, maana maji yakiwemo yatatoka kwa nguvu.

Hapo mkono utasema mengi kuliko maneno ya gereji nzima. Ikizunguka kwa uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho, ndani kuko salama. Ikigoma kila mara mahali pamoja, asilazimishe: huenda mkanda wa taimingi umefungwa nje ya alama zake na pistoni inagusa valvu, au kuna kitu kimeanguka ndani. Ikiwa ngumu mzunguko mzima, kofia za beringi za krenki zinashukiwa. Kila kofia ina nafasi yake na upande wake, na mbili zikibadilishana, krenki inabanwa. Na kama injini inalegea mara tu starta inapofunguliwa, basi meno ya starta yalikuwa yamekwama kwenye flaiwili, na kazi imekuwa ndogo.

Zamani kuzungusha kwa mkono hakukuwa jambo la ajabu. Starta ya umeme ya Charles Kettering iliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, lakini watengenezaji wengi waliendelea kuacha tundu la mtaimbo wa kuzungushia injini kwa miaka mingi baadaye. Hata Peugeot 404, iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, iliweza kuwashwa kwa mtaimbo. Dereva wa gari la namna hiyo alijua uzito wa injini yake kwa bega. Ujuzi huo umepotea bure, na spana ndefu inaweza kuurudisha asubuhi moja.

Injini ikizunguka vizuri kwa mkono, waya hasi wa betri urudishwe, sasa ufuatwe umeme. Taa kuwaka si ushahidi kwamba betri na nyaya ni nzima. Taa mbili za mbele zinakula ampea 9 hivi, na starta ya dizeli inadai mamia. Kiungo kilichooza chenye ukinzani wa ohmu 0.02 kinazipokonya taa volti 0.18, ambazo jicho halizioni. Starta inayovuta ampea 200 inapokonywa na kiungo hichohicho volti 4, na kwa volti 8 zilizobaki haina nguvu.

Mshukiwa wa kwanza ni masi, waya unaounganisha injini na bodi pamoja na betri. Injini inaposhushwa, waya huo hufunguliwa mapema. Inaporudishwa hukumbukwa mwisho au husahaulika kabisa. Hata ukifungwa, mara nyingi unakuta bloku imepakwa rangi mpya, na rangi haipitishi umeme. Mafundi wa Goma wanastahili heshima kwa wanayoyafanya wakiwa nje, juu ya lava iliyoifunika sehemu ya mji Januari 2002 na kuikata barabara ya Rutshuru Mei 2021. Vumbi la mawe hayo ni kali, linaingia kwenye kila kiungo. Bolti ya masi ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Waya mnene wa kuazimia moto ufungwe kutoka ncha hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bloku. Starta ikipiga, starta mpya haihitajiki. Kinachohitajika ni waya wa masi.

Isipopiga, starta yenyewe itazamwe kabla ya kununua nyingine. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinapiga starta kwa volti 24, na starta zake zinauzwa pamoja na vipuri vilivyotumika. Ukiifunga ya namna hiyo kwenye gari la volti 12, utasikia mlio huohuo wa "tak". Volti zake zimeandikwa ubavuni, chini ya grisi.

Mjomba wako anasubiri namba nne kwa WhatsApp. Ya kwanza ni volti za betri ikiwa imepumzika, na 12.6 ndiyo iliyojaa. Ya pili ni volti hizohizo ufunguo ukiwa umeshikiliwa kwenye starta. Ya tatu ni volti kati ya ncha hasi ya betri na bloku wakati huohuo, zikizidi 0.5, masi ni mbovu. Ya nne ni volti za waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Zikiwa sifuri, tatizo liko kwenye swichi ya ufunguo, fyuzi au rilei, wala si kwenye starta. Zitumwe kabla fundi hajafungua kitu kingine.

Mjomba wako