Mstari Mzima na Mstari wa Vipande

Katika kazi ya kuchora ramani, mstari una lugha yake. Mstari mzima husema: kitu hiki kipo, nenda ukakiguse. Mstari wa vipande husema: kitu hiki kimejificha, au kinakusudiwa tu, au bado hakijakubaliwa. Ukuta uliosimama huchorwa kwa mstari mzima; bomba lililofukiwa na barabara itakayokatwa mwakani huchorwa kwa vipande. Basi tofauti ya mistari hii miwili si urembo. Ni tofauti kati ya lililopo na linalotarajiwa, na watu wamewahi kufikishana barazani kwa jambo dogo kuliko hilo.

Sisi tuliojifunza kazi hii kabla ya kompyuta tulichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi ya kufuatishia. Kwenye mnyoofu hata mwanafunzi aliweza. Fundi alijulikana penye mpindo. Kanuni ilikuwa kwamba upinde uanze kwa kipande, wala si kwa uwazi, pale hasa mnyoofu unapoishia. Kisha vipande vilingane hadi mwisho. Ukiona kwamba kipande cha mwisho hakitatosha, unaanza mapema kuvifupisha vyote kidogo kidogo, kama mshonaji anavyogawa marinda ili yaenee kiuno kizima. Kompyuta haina jicho hilo. Yenyewe inahesabu tu.

Na hapa kwetu Rau vitu vinavyokwenda moja kwa moja ni vichache. Mto wetu unashuka kutoka Kilimanjaro ukijipindapinda, unapita katika msitu wa miti ya misoo, tena unanywesha mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Mifongo nayo, ile mifereji waliyoichimba Wachagga tangu enzi za mababu, hufuata mteremko wa mlima, haifuati rula. Mchoraji wa huku huishi na mipindo.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuwasomea wazee ramani iliyotoka katika ofisi moja. Ilihusu mfereji mdogo uliopendekezwa kuhamishwa. Njia mpya ilichorwa kwa vipande, kama ipasavyo kwa jambo la kusudio. Lakini mahali pamoja, penye mpindo mkali uliopita ukingoni mwa shamba la mama mmoja mjane, mstari ulikuwa mzima. Mzee mmoja akaweka kidole pale, akaniuliza, "Mwanangu, hapa wameshaamua?" Kwingine kote palisomeka kuwa ni pendekezo, kwa yule mama palisomeka kuwa yamekwisha. Mama mwenyewe hakusema neno. Alikuwa anaitazama karatasi kama mtu anayetazama hukumu.

Nikawaeleza, na wewe msomaji nakueleza vilevile. Aliyepima mpindo ule alichukua alama kila baada ya mita nne hivi, na kompyuta ikaziunganisha kwa vijistari vifupi vilivyonyooka. Mkufu huo wa vijistari huitwa polilaini. Kwa desturi yake, programu ya AutoCAD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, huanza upya kuhesabu vipande katika kila kiungo cha mkufu. Sasa mtindo wake wa kawaida wa vipande, kwa vipimo vya metriki, una kipande cha 12.7 na uwazi wa 6.35. Mchoro ukiwa kwa mita na kipimio kikiachwa kuwa 1, kipande na uwazi wake huhitaji zaidi ya mita 19. Kijistari cha mita nne kitaupata wapi uwazi? Hakiupati, nacho huchorwa kizima. Na vikipangana kumi vya namna hiyo, jicho huona mstari mmoja usiokatika.

Wengi hukimbilia kupunguza kipimio cha jumla, kile kinachoitwa LTSCALE. Ukikipunguza mpaka mpindo ukatike, mnyoofu nao hujaa vipande vidogo vilivyosongamana hata ukichapwa huonekana mzima. Umeponya jicho, umetoboa sikio. Dawa yenyewe ni kuiambia programu isianze upya penye viungo, bali ihesabu kutoka mwanzo wa mkufu hadi mwisho wake. Amri hiyo ni PLINEGEN, ikiwekwa 1 badala ya 0. Nayo huzihusu polilaini zitakazochorwa baadaye. Zilizokwisha kuchorwa hurekebishwa kwa amri ya kuhariri, PEDIT. Vijistari ambavyo havijaungwa viungwe kwanza, na polilaini zenye vimo, kama zile zitokazo moja kwa moja kwenye vyombo vya upimaji, zigeuzwe kuwa bapa.

Nilikwenda ofisini nikawaeleza kwa adabu. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alimaliza kurekebisha kabla chai yangu haijapoa, akachapa karatasi mpya. Mfereji ulikuwa palepale. Hata nusu mita haukusogea. Kilichobadilika ni kwamba katika kikao kilichofuata yule mama alisimama akasema yake, akasikilizwa, kwa sababu sasa karatasi nayo ilikubali kwamba neno lake bado lina nafasi.

Vijana wanaonijia kujifunza nawaambia wasiamini kioo cha kompyuta peke yake. Chapa ramani, ishike mkononi, ufuate kila mstari wa vipande kwa ncha ya penseli, na kila penye mpindo usimame. Mwananchi atakayeisoma hajui PLINEGEN ni nini, wala hana haja ya kujua. Yeye anajua kwamba mstari mzima maana yake ni kwisha maneno.