Saa ya Mtihani na Simu ya Mama

Nilipoanza kufundisha hisabati darasa la nane karibu na Litein, kila kitu tulikipima kwa saa. Karatasi ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ilikuwa na maswali 50 kwa saa mbili, dakika mbili na ushei kwa swali, nasi tuliwazoesha watoto mwendo huo tangu Januari. Aliyeelewa sehemu na asiyeelewa waliingia kwenye asilimia siku ile ile.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Vipindi vya masomo vya redio ya KBC vilipita kama matatu isiyosimama: ukichelewa umeachwa, na watoto wengi saa hizo walikuwa kwenye majani chai na wazazi wao. Shupavu 291 ya Eneza, huduma ya masomo kwa simu, ilikuwa tofauti. Somo lilikuja kwa ujumbe mfupi, hata kwenye mulika mwizi, kisha maswali. Ukikosa unarudia, wala hakuna anayekuhesabia dakika.

Msichana mmoja, ambaye darasani hakuwahi kufika katikati ya karatasi, alikuwa akimngoja mama yake arudi jioni kutoka kituo cha kupimia majani ili apate simu. Alikokotoa nyuma ya risiti za majani, sehemu zenye asili tofauti, akirudia hadi zote zikatoka sawa. Ndipo akanipigia: “Mwalimu, sasa nipe za kugawanya.”

Lakini wengine, wenye simu nzuri kuliko hiyo, walianza wakaishia njiani. Nikaweka Jumamosi kuwa siku ya kuniarifu walipofika, popote pale. Wengi wakarudi. Mwaka 1968 mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom alitetea wazo kwamba wanafunzi wengi wataelewa vizuri wakipewa muda wanaouhitaji na msaada. Namwamini, ila huku kwetu muda huo ulihitaji pia mtu anayeuliza umefika wapi.

Darasa la nane lilirudi Oktoba 2020, mtihani ukafanywa Machi 2021. Alama za msichana yule zilipanda, ingawa aliniambia maswali ya mwisho hakuyafikia. Hilo bado linaniuma.

KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Sasa nikiwapa gredi ya saba mazoezi ya intaneti, naweka siku ya kuniarifu na kuzima saa ya kuhesabu dakika. Walimu wenzangu wengi huiacha ikienda. Nawasihi waizime, angalau kwenye sehemu na aljebra.